Sura ya Tisa: Ile Inayosahau

Kendi alikuwa ameketi kwenye sakafu ya seli ya kituo cha polisi cha Siakago, miguu mitupu ameikunja chini ya leso. Sajini Karambu alipomsogezea kikombe cha chai, hakukipokea.

"Nimekumbuka kitu," akasema. "Sijui kama kitasaidia. Na sijui kama wewe bado unasikiliza."

"Nasikiliza."

"Ile simu ya ushirika, ya akina mama wa kanisa. Mimi ndiye niliyeifungua siku iliponunuliwa. Ilitaka akaunti, na hakuna mama aliyekumbuka paswadi yake, wote wakaanza kucheka na kusukumana. Nikaweka yangu ndio tuendelee na nyimbo. Sijawahi kuitoa."

Karambu aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeogopa kukivunja.

Mzee Njagi, baba mkwe wa huyu msichana na mzee wa kanisa aliyeheshimiwa, alikuwa amekufa njiani akikimbizwa hospitali Embu. Daktari alisema ni sumu, dawa ile inayopakwa mahindi ya mbegu ili wadudu wasiyaguse. Asubuhi ya siku hiyo mzee alikuwa amepita kwa Kendi akanywa uji. Karambu akaomba simu ya Kendi, akaingia kwenye historia yake ya mtandao, na humo akakuta swali la siku ile ile: *mahindi ya mbegu yenye dawa yanaua mtu*. Jioni hiyo akamfunga pingu. Siku zilikuwa zimepita tangu hapo, na kesho asubuhi Kendi angepandishwa gari kwenda Embu kusomewa shtaka la mauaji.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Ulikuwa unaniuliza mambo mengine."

Ni kweli Karambu alikuwa amemwuliza mengine. Alikuwa amesoma historia yote, si ya siku ile tu. Maswali ambayo mwanamke huuliza akiwa peke yake, watu wa nyumba wamelala. Na katika chumba cha mahojiano alikuwa amechagua moja akamsomea kwa sauti, Konstebo Mugendi amesimama mlangoni: *mume akikosa kupiga simu miezi mitatu maana yake nini*. Alitaka kumvunja ili aseme. Msichana alivunjika, ila hakikutoka kitu zaidi ya machozi.

"Kunywa hiyo chai," Karambu akasema.

"Iache hapo."

*

Maabara ya Nairobi ingejibu wakati kesi imeshaanza kuzeeka. Karambu akasaini simu ya Kendi kutoka chumba cha vielelezo, akamchukua Mugendi awe shahidi, wakapanda Embu kwa Muchangi, fundi wa simu mwenye kibanda nyuma ya soko. Muchangi alikuwa na shavu limejaa majani ya muguka anayoyatafuna na bisibisi sikioni.

"Madam, leo umeniletea simu ya nani?"

"Ya serikali."

"Serikali haina kava ya maua." Akaifuta vumbi kwa shati. "Tunatafuta nini?"

"Nataka kujua hili swali liliulizwa kutoka simu gani."

Muchangi alitazama, kisha akamtazama Karambu kwa jicho la mtu anayepima kama aseme au anyamaze.

"Nyinyi mliingilia wapi?"

"Kwa hiyo hiyo simu. Brauza, halafu historia."

"Haya, hapo ndipo watu hukwama. Hii historia si ya simu, madam, ni ya akaunti. Ukiacha akaunti yako wazi kwa simu tano, kila mtu atakayeuliza kitu kwa hizo tano anakuandikia wewe. Jirani yako akiuliza dawa ya minyoo, ni wewe una minyoo." Akacheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaendelea. "Sasa ona. Nikigusa hapa kwa maelezo, inaonyesha kifaa. Hii simu ya maua ina jina hili. Na swali lako limetoka kwa nyingine kabisa."

Aligeuza kioo. Karambu aliona jina la simu ya bei nafuu, aina ambayo Kendi hakuwa nayo.

"Na hapa chini imeandika saa," Muchangi akasema. "Alasiri."

Mugendi akakohoa. Karambu akaisoma mara mbili. Siku alikuwa ameiona, saa hakuwa ameiangalia. Uji wa Kendi ulinywewa asubuhi, na swali likaulizwa jua limeshapinda. Mwenye kutaka kuua huuliza kabla ya kupika.

"Halafu kuna hii," Muchangi akasema. "Imefungwa pamoja na lile la kwanza. Mlibonyeza hapa kweli?"

"Hapana."

Muchangi akabonyeza. Swali la juu likafunguka, na chini yake likatokea lingine lililokuwa limejificha tangu siku ile: *tafadhali mzee ametapika nimpe maziwa ama maji*.

Mugendi akasogea karibu na kioo.

"Hili halikuandikwa kwa vidole," Muchangi akasema polepole. "Ona alama ya kipaza sauti. Mtu aliongea na simu. Tena akaiambia tafadhali. Miaka yote nafungua simu za watu, madam, watu huzitukana. Sijawahi kuona mtu anaiambia simu tafadhali."

*

Njiani kurudi Siakago Mugendi aliendesha mpaka walipofika mahali ambapo migomba inaisha na miiba inaanza.

"Ni mama mwenye nyumba," akasema. "Mama Njue, mke wa mzee. Nani mwingine angekuwa karibu na mzee akitapika?"

"Akina mama wote wa ushirika walikuwa pale kwake siku ile kwa maombi. Mwenye nyumba alikuwa barazani nao akiongoza. Wote walisema hivyo."

"Basi Susan, katibu wao. Si aligombana na mzee kuhusu ile mbegu ya kanisa ya kugawiwa wajane? Na si yeye ndiye alileta ile brauza nyingine ya kufuta mambo? Nilisikia kwa mke wangu. Mtu anaweka kitu cha kufuta alama, na punde si punde mtu anakufa. Mimi nikiona hivyo nashika."

"Ukiona hivyo unashika," Karambu akarudia. "Na mimi nilishika. Kendi ako wapi sasa?"

Mugendi akaweka gia.

"Safari hii tutatembea," Karambu akasema. "Hatutakimbia."

*

Susan walimkuta dukani kwake, kwenye cherehani, anashona sare za shule. Simu ya ushirika ilikuwa kwenye chaja nyuma yake, kwa sababu zamu ya maombi iliyofuata ilikuwa kwake, na simu hutangulia kwa mwenye zamu ili aichaji na kuzipanga nyimbo. Alipomwona Karambu aliondoa mguu kwenye kanyagio.

"Nasikia mliwekea simu ya kanisa brauza ya pili," Karambu akasema.

"Ni hatia?"

"Ni swali. Kwa nini?"

"Kwa usalama tu. Mambo ya mtandao siku hizi, afande, si unajua."

"Sijui. Niambie."

Susan alimtazama Mugendi, na Karambu akamwambia Mugendi akanunue maji. Hata hivyo Susan hakufungua mdomo mpaka kivuli cha konstebo kilipotoka kabisa mlangoni.

"Kendi hajasema?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kendi hajasema lolote juu yako."

Mwanamke akainamisha kichwa kwenye sare ya mtoto wa watu. "Basi huyo msichana ana moyo. Niliona uvimbe, hapa." Hakugusa kifua chake, alitazama tu upande. "Nikauliza simu, nikiwa na zamu. Simu yangu ni ya kupiga tu. Nikauliza mara moja, nikajisomea, nikalia, nikaweka chini. Juma lililofuata tuko kwa maziko ya mama yake Mbaka, Kendi anafungua nyimbo, tumezunguka simu sote, na juu ya wimbo likatokea tangazo. Tiba ya saratani ya titi. Mama mmoja akasema, 'Hee, nani ameuliza?' Wakacheka. Nami nikacheka nao."

Akaikunja sare mapajani.

"Usiku huo nilimwambia Kendi peke yake. Siku ya kukutana tena akasimama mbele ya wote, hakunitaja hata kwa jicho. Akasema hii brauza ya zamani imefungwa na akaunti, inakumbuka kila kitu na inauza habari kwa wenye matangazo. Akatuonyesha tatu nyingine. Moja ilitaka majina ya watu wote walio kwa simu na mahali tulipo, akasema hiyo ni mlango wa mwizi. Ya pili imejaa michezo ya kamari. Ya tatu ni ndogo, haikuuliza jina la mtu, na ukiifunga inafuta. Akaiwekea chombo cha kutafutia kisichoandika unachouliza. Akatuambia ukweli pia, kwamba kampuni inayotuuzia bando bado inaona tumetembea wapi, kwa hivyo tusidhani tumeingia pangoni. Lakini matangazo hayatatufuata mazikoni."

"Mkakubaliana?"

"Tukapiga kura kwa mikono. Nyimbo na Biblia kwa ile inayokumbuka. Mambo ya mtu binafsi kwa ile inayosahau. Ndivyo tunavyoziita." Akajifuta pua kwa kitambaa cha bluu. "Na unajua, afande, tangu siku hiyo simu ikija kwako imechoka betri. Kila mtu alikuwa na lake."

Karambu alikuwa ameacha kuandika. Kendi alikuwa amewafunika wenzake wote, akabaki mwenyewe wazi, jina lake limekaa kwenye ile inayokumbuka.

Na mtu aliyejua hivyo, aliyeziweka kwa mikono yake, angekwenda kuulizia sumu kwenye ile yenye jina lake? Huyu Susan mwenye hofu ya tangazo angekwenda? Mwanamke yeyote aliyeinua mkono siku ile?

"Wote waliinua mkono?" akauliza.

"Wote isipokuwa mmoja."

"Nani huyo?"

"Mama Njue. Alisimama akasema, 'Mtu wa Mungu anaficha nini? Mimi hiyo sitaigusa, hata kwa kidole.' Mzee wake alikuwa mzee wa kanisa, tukamwelewa."

"Siku ya maombi kwake, Kendi alikuwepo?"

"Hakuja. Alikuwa ameteremka mtoni na punda, maji yalikuwa yameisha."

"Na Mama Njue hakuondoka barazani hata kidogo?"

"Hapana. Yaani, aliingia jikoni kuangalia chai, kama mwenye nyumba yeyote. Alikuwa anaingia na kutoka." Susan alisita. "Sasa ukiuliza hivyo. Tulikunywa chai tupu."

"Chai tupu?"

"Kwa Mama Njue! Nyumba ambayo hutoki bila kulegeza mshipi! Tulisikia harufu ya mahindi ya muthokoi toka langoni, tukajua leo tunakula. Ndipo akatuambia imeungua yote, akatupa kikombe cha chai bila hata kipande cha muhogo. Tukashangaa, tukasema ni ukame. Halafu baada ya amina ya mwisho ndio akatuita tumsaidie kumbeba mzee, ati ameanguka ghafla."

Karambu akachomoa simu ya ushirika kutoka kwa chaja. "Nitaisaini. Na Susan, hospitali umeenda?"

"Naogopa."

"Nenda. Hilo ulilosema halitaandikwa mahali popote."

Susan alimtazama jinsi mtu anavyotazama daraja bovu. Karambu alijua jina alilokuwa nalo sasa Siakago, afande anayesoma simu za wanawake. Akatoka na simu.

*

Boma la marehemu lilikuwa na viti vya kukodi vimepangwa tayari kwa ajili ya maombi ya jioni, lakini wanaume walikuwa wameenda Embu kwa mambo ya jeneza, na Njue, mume wa Kendi, alikuwa nao. Tangu arudi kutoka kazini Mombasa hakuwa amekanyaga kituoni kumwona mke wake hata mara moja.

Mama Njue aliwapokea mlangoni pa jikoni, amevaa nyeusi tupu kuanzia kitambaa hadi viatu. Alikuwa mwanamke mrefu aliyezoea kusimama mbele ya watu.

"Mama, poleni tena," Karambu akasema.

"Tumeshapoa, mwanangu. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Karibuni kiti."

Karambu hakukaa. Siku ya kwanza alipofika hapa alitazama nyumba ya Kendi tu, sufuria ya Kendi, mfuko wa unga wa Kendi. Sasa akatazama upande huu. Uani kulikuwa kimya kwa namna fulani, akatafuta ni kwa nini.

"Kuku wako wapi, mama?"

"Ugonjwa uliwapitia."

"Lini?"

"Wiki hiyo hiyo. Msiba haupigi hodi mara moja."

Kando ya jiko kinu kilikuwa kimelazwa juu ya mawe, mdomo ukitazama jua. Kinu cha kukobolea mahindi ya muthokoi hupanguswa kwa mkono, kikafunikwa kwa ungo, kikangoja siku nyingine. Hiki kilikuwa kimesuguliwa kwa mchanga. Karambu aliinama akapitisha ukucha kwenye ufa wa mti. Ukatoka na rangi ya waridi, ile ile ya dawa ya mahindi ya mbegu.

Alimpa mama mwenye nyumba simu ya ushirika.

"Mama, naomba unisaidie. Jioni mtaimba, nami sijui kuitumia. Nifungulie wimbo mmoja wa maziko."

Mama Njue aliipokea kwa mikono miwili. Hakuitazama ile alama ndogo ya brauza ya pili, kidole chake kilipita mbali nayo kama mtu anayekwepa siafu. Akafungua ile ya zamani, akabonyeza kipaza sauti, akasogeza simu mdomoni.

"Tafadhali," akasema kwa upole, "nipe wimbo wa kuaga mtu wa Mungu."

Mugendi, aliyekuwa mlangoni, akavua kofia.

"Huwa unaiambia tafadhali, mama?"

"Nimefunzwa adabu. Hata kama ni chombo, mtu haombi kama anayeamuru."

"Siku ile pia uliiambia tafadhali." Karambu alizungumza kwa sauti ya chini kwa sababu hakutaka ushindi wowote uonekane humo. "Mama, kabla hujajibu, sikiliza. Si lazima useme lolote. Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika kortini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"'Tafadhali mzee ametapika nimpe maziwa ama maji.' Ni nani alisema hayo?"

Wimbo ulikuwa umeanza kwenye simu, kwaya ya mbali yenye ngoma. Mama Njue alijaribu kuuzima, kidole kikakosa, kikakosa tena, mwishowe Karambu akamsaidia. Mwanamke yule mrefu akakaa kwenye gogo la kuketi jikoni, akawa mfupi.

"Mzee aliambiwa yeye ni mlinzi," akasema. "Mbegu ya wajane. Kanisa lilileta magunia yakae kwetu mpaka mvua inyeshe. Sisi wenyewe ghala letu lilikuwa tupu, lakini nani angeamini? Nyumba ya mzee wa kanisa! Zamu ya maombi ikafika. Wanawake wote hao waje kwangu wanywe maji?"

"Ukafungua gunia."

"Nilipima kidogo tu. Nikaosha. Maji ya kwanza mekundu, ya pili, ya tatu, nikaosha mpaka yakatoka meupe. Watu huosha, mwanangu. Nimesikia watu wakiosha na kula. Nikaanika, nikatwanga, nikapika na kunde."

"Na mzee?"

"Alirudi na njaa kutoka kanisani. Nikampakulia kwanza, kama ninavyompakulia siku zote. Akasema, hii ina uchungu. Nikamwambia ni kunde za zamani. Akamaliza, ili asinivunje moyo." Alisema hayo bila kulia. "Akaanza kutapika wakati wale wa kwanza wanaingia langoni. Nikamlaza. Nikamwaga sufuria nzima choo cha shimo, ukoko nikatupa uani, kuku wakaja. Nikachukua simu. Nikauliza."

"Ikakwambia nini?"

"Hospitali, upesi."

Nje upepo ulisukuma kiti kimoja cha kukodi kikaanguka. Mugendi hakwenda kukiinua.

"Lakini hukumpeleka upesi, mama."

"Ningetoka naye aje? Wanawake wamejaa baraza. Wangeuliza amekula nini. Nikasema, dua ni fupi, wimbo ni mmoja, wakiondoka tutakwenda. Nami ndiye nilikuwa naongoza." Akainua uso. "Nilingoja waseme amina. Mimi mwenyewe nilikuwa naomba, na nilikuwa nangoja niseme amina."

Karambu alikuwa amesikia maungamo mengi chini ya mwanga wa taa mbaya, lakini hili lilimfanya atazame kando.

"Na Kendi?"

"Nyinyi ndio mlimtaja. Mlikuja mkauliza alikula wapi asubuhi. Nikasema kwa Kendi, uji. Ni kweli, alikunywa uji. Sikusema uongo." Akachokonoa majivu kwa kijiti. "Kila asubuhi nilijiambia leo watamwachilia, hawana kitu. Kumbe mlikuwa na kitu. Ni kile nilichowapa mimi."

Akaichukua tena simu, akaigeuza upande huu na ule.

"Na kama siku ile ningetumia hii ya Kendi? Inayosahau?"

Karambu alifikiria kumdanganya. "Hakuna mtu angemshika Kendi," akasema.

Mama Njue alitikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu anayekubaliana na mhubiri. Kisha akasimama, akafunika moto kwa majivu, akaomba ruhusa ya kufunga mlango.

*

Kituoni jua lilikuwa linaaga. Karani wa zamu aliweka viatu na kitambaa vya Kendi juu ya kaunta, akamwonyesha mahali pa kusaini. Upande wa pili wa kaunta hiyo hiyo Mama Njue alikuwa anainama kuvua vyake. Hakuna aliyekuwa amepanga wakutane hapo, ni kaunta tu ilikuwa moja.

Kendi alimtazama mama mkwe wake. Karambu alikuwa amemweleza yote katika chumba cha mahojiano, mlango umefungwa, Mugendi nje. Alingoja asikie tusi, au kilio.

"Ng'ombe amekamuliwa?" Kendi akauliza.

"Hapana," Mama Njue akasema akiwa bado ameinama.

"Nitamkamua."

Hayo tu. Mama Njue akapelekwa ndani miguu mitupu, akapita kwenye kikombe cha chai iliyopoa ambacho bado kilikuwa pale sakafuni tangu asubuhi.

Karambu akatoa simu yenye kava ya maua, akaiweka kaunta. "Samahani" ilikuwa imekaa ulimini siku nzima, na sasa ilionekana ndogo kuliko alivyodhani.

"Muchangi amenionyesha mahali pa kufuta," akasema. "Historia yote, yale mawili ya kesi tumeshayapiga picha. Na kutoa akaunti yako kwa ile simu nyingine. Nikuonyeshe?"

"Najua mahali pa kufuta, afande. Mimi ndiye niliwafundisha."

Alifungua hapo hapo, amesimama, akabonyeza, akabonyeza tena. Simu ikamwuliza kama ana hakika. Akasema ndiyo kwa kidole. Kisha akavaa viatu, akafunga kitambaa vizuri mbele ya kioo cha dirisha, akageuka.

"Hapa yameisha," akasema, akiinua simu. "Lakini uliyasoma yote. Mpaka yale ya mume wangu, ukayasema na mtu amesimama mlangoni." Hakupandisha sauti. "Kwako nitafuta aje?"

Akangoja jibu kwa heshima, kama mtu aliyeuliza swali la kweli. Alipoona halipo, alitoka akashika barabara ya kwenda kukamua ng'ombe. Karambu alibaki kwenye kaunta na kalamu mkononi, karani akimwuliza mara ya pili aandike sababu gani ya kumwachilia.